Mwisho wa Filamu ya Baharia

Kazi yangu hapa Mbarara ni kuwawekea watu filamu kwenye fleshi na memori kadi. Duka lina kompyuta mbili, feni isiyozunguka, na kabati la kioo lililojaa kava za simu. Wateja wengi hawajui majina ya filamu wanazozitaka. Wanataka ile ya nyoka mkubwa, ile ya Wahindi wanaolia kwenye mvua, ile ya jamaa mwenye kipara anayepiga watu ndani ya lifti. Mimi ndiye ninayezijua. Tajiri wangu, Mnyankore mwenye duka, hajui hata moja. Yeye hupokea pesa na kuniuliza kwa nini foleni haisogei.

Siku moja ya mvua akaja mzee akitaka filamu za zamani, za farasi na mapanga. Nikafungua folda ambayo ilikuwa haijaguswa siku nyingi, na katikati yake nikaiona. Ilikuwa picha ndogo tu: mwanaume mwenye ndevu amesimama juu ya ukuta wa mawe, nyuma yake maji. Nikaitambua kama mtu anavyolitambua shati la baba yake kwenye kamba. Mzee alipokwisha kuondoka nikaifungua na kuipeleka moja kwa moja hadi mwisho, kwa sababu nilikuwa na ugomvi na mwisho wa filamu ile tangu utotoni.

Ilikuwa kwa Kiingereza. Sikuwahi kuisikia kwa Kiingereza. Baharia amesimama kwenye matope, upanga wake uko shingoni mwa rafiki aliyemsaliti. Anauondoa. Anasema maneno marefu, kwa sauti ya upole. Rafiki anainuka na kwenda zake bila viatu. Picha zote zilikuwa zilezile nilizozikumbuka, lakini maneno hayakuwa yale.

"Nyabo, wewe naangalia nini hivyo?" tajiri akauliza, akiniita nyabo kama wanawake wote wanavyoitwa hapa. "Kompyuta imekufa?"

"Haijafa. Kuna mtu alinidanganya zamani, ndiyo nimejua leo."

Akanitazama, kisha akatazama foleni, ambayo siku hiyo haikuwapo. Yeye sikumweleza. Hapa naeleza.

Sisi ni watu wa Kivu ya Kusini, kule Kongo. Nakivale, kambi ya wakimbizi hapa Uganda, nilifika mgongoni mwa mama, kwa hiyo kila ninachokijua juu ya kwetu nimeambiwa. Tulipewa kiwanja katika kijiji cha Juru, tukalima maharage na mahindi. Nyumbani tulisema Kiswahili na Kifuliiru, shuleni nikafundishwa Kiingereza. Baba alikuwa na Kifaransa chake, alichokisoma vizuri kabla ya kuingia katika biashara. Alikitumia kusikiliza redio asubuhi, kuombea chakula, na kutukana kuku. Sisi watoto hatukukijua hata kidogo.

Kashojwa, kijiji kingine cha kambi, kulikuwa na kibanda cha video. Kuta zilikuwa za udongo, paa la bati na shitingi za plastiki, mabenchi ya miti ya mikaratusi ambayo ukikaa vibaya unatoka na kibanzi. Madirishani waliweka mablanketi ili kuwe giza mchana. Mwenye kibanda alikuwa Mrundi mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na yeye ndiye aliyekuwa mtafsiri. Alikaa kando ya televisheni na maikrofoni, filamu inasema chini kwa lugha yake, yeye anasema juu kwa Kiswahili. Alikuwa hodari. Akicheka kicheko cha adui, unamchukia huyo adui wiki nzima.

Kiingereza alikimudu kwa kubahatisha, lakini Kifaransa kilimshinda. Kwa hiyo filamu ikiwa ya Kifaransa alimwita baba. Jumapili, tukitoka kanisani, baba ananipakia kwenye baiskeli, tunakwenda Kashojwa mapema. Wao wanajifungia ndani na kuipitia filamu yote, baba anamwambia kila mtu anasema nini, na mtafsiri anashika kichwani. Malipo yetu yalikuwa kuingia bure. Mama hakupenda. Alisema benchi la mbele la kibanda kile ni la shetani, na baba alikaa benchi la mbele.

Filamu yenyewe wengi mnaijua, hata kama jina limewatoka. Baharia kijana anarudi safarini, harusi yake iko karibu, na rafiki yake anakwenda kumchongea kwa wakubwa. Anatupwa katika gereza la mawe lililozungukwa na maji. Huko ndani mfungwa mzee anamfundisha kusoma, kupigana na kungoja. Anatoroka, anapata mali iliyofichwa, kisha anarudi akiwa tajiri mwenye ndevu na jina jingine. Hakuna anayemtambua. Hapo ndipo anapoanza kuwaendea, mmoja baada ya mwingine.

Watu wetu waliipenda kuliko zote, na si ajabu. Kila aliyekaa kwenye mabenchi yale alikuwa na mtu wake aliyemchongea huko alikotoka, na kama hakuwa naye, basi yeye mwenyewe ndiye aliyemchongea mwingine. Hatukuulizana.

Lakini diski ilikuwa na ugonjwa. Kila ilipofika pale upanga umefika shingoni, picha iliganda. Mtafsiri anaitoa, anaipaka dawa ya meno, anaipangusa kwa shati, anairudisha. Inaganda palepale. Tukawa tunatoka nje kila Jumapili upanga ukiwa bado shingoni, na njia yote ya kurudi Juru watu wanabishana juu ya baiskeli. Amemuua! Hajamuua! Mimi nilikuwa wa upande wa kuua, na nilibishana na watu wazima mpaka baba akaniambia nifunge mdomo wasije wakatuangusha.

Katika msimu huohuo yule mtu akaja.

Alikuja na kundi la wageni wapya, na katika Nakivale yote, kubwa namna ile, akapewa kiwanja kinachopakana na shamba letu la maharage. Mama ndiye aliyemwona kwanza. Alirudi nyumbani jembe likiwa begani, akakaa chini bila kulitua.

"Ule mutu iko hapa," akasema.

Baba hakuuliza mtu gani. Mimi pia nilijua, maana hadithi ile nilikua nayo. Kule nyumbani baba na mtu huyo walikuwa na duka la pamoja, la chumvi, sabuni na vitenge. Walisoma darasa moja, wakasimamiana harusi. Askari walipokuja kumtafuta anayewalisha watu wa msituni, yule akawaambia kwamba ni baba. Haikuwa kweli. Baba akafungiwa miezi mingi katika ghala la kahawa, akatoka na mkono wa kushoto ambao vidole vyake havikunjiki mpaka leo. Mama alikuwa akimpelekea chakula kila siku, mimi nikiwa mgongoni na mwingine tumboni. Kila siku askari walipokea sufuria, wakala wao, wakamfukuza. Yule wa tumboni hakuzaliwa. Duka likabaki kwa yule mtu, mpaka vita ilipomfukuza naye.

Sasa alikuwa jirani. Baba hakumtukana wala hakumsalimia. Akiona yule analima upande wa huku, yeye anaanzia upande wa kule, na yule naye akafanya vivyo hivyo, wakawa wanalima wamepeana migongo kama watu waliopatana. Mimi na watoto wake tulikutana kwenye bomba la maji. Niliwapita foleni kwa makusudi, na wao wakaniacha nipite, jambo ambalo lilinikera zaidi.

Kisha ikasikika kwamba familia yake imeitwa. Inakwenda nchi za mbali, za baridi, kule ambako kila mtu kambini huomba aende. Sisi tulikuwa tumengoja miaka na hakuna aliyetuita. Kabla watu hawajasafiri, huulizwaulizwa habari zao, na sote tuliamini kwamba jirani akienda kwa mwenyekiti wa kijiji na kusema, mtu huyu kule kwetu alifanya hivi na hivi, mambo yanasimama. Pengine yanalala kabisa. Mwenyekiti mwenyewe alikwisha kutuma salamu kwa majirani wote: mwenye neno alilete.

Mama alimwambia baba akiwa ananawa mikono.

"Neno moja tu. Yee alisemaka moja, na weye sema moja."

"Ile yake ilikuwa uongo," baba akasema.

"Njo vizuri! Yako itakuwa ya kweli."

"Iko na batoto."

"Na miye sikukuwa na mutoto?"

Baba akaendelea kunawa mikono iliyokwisha kuwa safi. Akasema ataona. Mimi nilikuwa upande wa mama bila kuulizwa. Nilitaka baba aende kwa mwenyekiti, na nilitaka baharia aikate shingo ile. Kwangu yalikuwa jambo moja.

Hapo ndipo mchuuzi mmoja alipotoka Bukavu na diski nyingine ya filamu ileile, nzima, bila mkwaruzo. Habari ilifika Juru kabla yake. Jumapili ile tulifika Kashojwa mapema kuliko kawaida, baba na mtafsiri wakajifungia ndani, nami nikakaa nje kwenye kivuli cha ukuta na hindi langu la kuchoma. Walikawia. Sehemu ya mwisho waliirudia tena na tena. Nilimsikia mtafsiri akiuliza, "Kweli, mzee? Una hakika?" na baba akimjibu, "Weye sema tu vile nimekuambia." Nikadhani ni Kifaransa kigumu. Nikaendelea na hindi langu.

Alasiri kibanda kilijaa mpaka watu wakakaa sakafuni. Wengine walikuwa hawajawahi kuingia, lakini mwisho ule hawakuwa tayari kuukosa. Mablanketi yalipokwisha kushushwa nikageuka kutafuta wenzangu wa upande wa kuua, na nikamwona yule mtu. Alisimama karibu na mlango, kofia mkononi, kama mtu aliyechelewa ibadani. Nikamvuta baba shati.

"Papa, ule mutu ameingia."

"Angalia filme, mama," baba akaniambia, kama alivyozoea kuniita. Hakugeuka.

Gereza likapita, mali ikapatikana, ndevu zikaota. Ikafika mvua, matope, upanga shingoni, na safari hii picha haikuganda. Baharia akauondoa upanga. Akaanza kusema Kifaransa chake, polepole, na mtafsiri akanyanyua maikrofoni. Sauti yake kubwa aliishusha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Anasema: ndugu yangu, tangu siku ile nimebeba kisu kwa ajili yako. Leo ninakiweka chini. Ondoka. Nenda na watoto wako, mwende salama. Mimi sina neno na wewe."

"Watoto gani?" nikapiga kelele. Rafiki yule hakuwa na mtoto hata mmoja tangu filamu ilipoanza. Mama mmoja akanikanya kwa kiwiko.

Kibanda kikagawanyika. Wengine walipiga makofi, wengine walizomea wakidai warudishiwe pesa yao. Mimi nilizomea. Nililia pia, kwa hasira, nikasema filamu nzima ni takataka, mtu anasoteshwa gerezani vile halafu anasema sina neno. Mablanketi yalipoondolewa madirishani yule mtu hakuwapo tena mlangoni. Baba alikuwa bado amekaa, akiukanda mkono wake mbovu kwa ule mzima.

Asubuhi iliyofuata tulipofika shambani tulimkuta yule mtu ndani ya maharage yetu. Alikuwa anapalilia. Mama alisimama, nami nikasimama. Baba akalishika jembe lake, akaenda kuanza mstari wa pembeni yake, wakalima sambamba mpaka mwisho wa shamba bila kusema hata salamu. Walipofika mwisho baba akafungua kibuyu, akanywa, akampa. Yule akanywa, akafuta mdomo, machozi yakimtoka, akarudi kwake.

Mama aligeuka na kurudi nyumbani. Baba akaenda kwa mwenyekiti akasema, huyu ni jirani yangu, analima vizuri, sina neno juu yake. Baada ya muda familia ile ikapanda basi, ikaondoka. Watoto wake walinipungia mkono na mimi nikajifanya nimeshughulika na jerikeni.

Nyumbani hakukuwa na ugomvi. Mama si mtu wa kelele. Aliacha tu kumwekea baba chakula kwa mkono wake. Aliniita mimi, nikapeleka sahani. Nilipoondoka kwenda kutafuta maisha Mbarara, akawa anaiacha mezani na kutoka nje. Nami kwa miaka yote hiyo niliamini kwamba filamu ndiyo iliyompoteza baba, kwamba alikaa benchi la mbele, akamwona mzungu mwenye ndevu anasamehe, akadhani na yeye lazima asamehe. Nilimpenda baba, lakini kwa hilo nilimwona mjinga.

Sasa nilikuwa dukani, mvua inapiga bati, na baharia anasema Kiingereza ninachokielewa. Hasamehi kitu. Anamwambia rafiki yake kwamba kufa ni kupumzika, na yeye hatampa pumziko. Aende akaishi. Kila mlango atakaobisha hodi, jina lake litakuwa limetangulia. Kila akiamka atakumbuka ni nani aliyemwacha hai, na kwa nini. Anayasema haya kwa upole uleule. Ukizima sauti, unaweza kabisa kudhani anasamehe.

Nikaihamishia kwenye simu yangu. Jumamosi nikaomba ruhusa, nikapanda gari la Kabingo, na kutoka hapo pikipiki mpaka Juru. Niliwakuta wazee wamekaa uani wanapukuchua maharage, kila mmoja na ungo wake. Nilitaka nimwambie baba taratibu. Nikashindwa. Mimi si mtu wa taratibu.

"Papa, ile filme ya baharia. Mutafsiri alitudanganya. Hakumusamehe."

Baba hata hakuinua macho. "Ninajua. Alisema mambo ya ukali sana."

"Ulijua?"

"Si ilikuwa Kifaransa? Miye njo nilimuambia mutafsiri aseme vile."

Nikakaa juu ya gunia. Ndipo mambo yote yakajipanga: kukawia kwao ndani, una hakika mzee, na wale watoto ambao hawakuwamo kwenye filamu.

"Juu ya nini hukumuambia ule mutu wewe mwenyewe? Alikuwa jirani!"

"Mudomo ulikataa," baba akasema. Akachagua haragwe bovu, akalitupa. "Na yee alikuwa na Kifaransa. Tulikaa banki moja ku masomo, mwalimu mumoja. Batu bote bangesikia Kiswahili tu, lakini yee, nilijua atakuja, na atasikia yote mbili. Ile ya chini njo ilikuwa haki yangu kumuambia. Ile ya juu njo nilimupatia."

Nilitaka kumshika baba mkono. Nilitaka kumwomba radhi kwa kumwona mjinga miaka yote ile. Lakini sauti ya maharage ilikuwa imekoma upande mmoja, nikageuka. Mama alikuwa ameweka ungo chini.

"Kumbe mulisikilizana mu Kifaransa," akasema. "Nyinyi babili. Mukamaliza. Na miye nilikuwa fasi gani?"

Baba alikuwa na lugha tatu na zote hazikumsaidia.

Mama akanigeukia. "Uko na hiyo filme?"

"Iko mu simu."

"Anzisha. Toka mwanzo. Kila kitu banasema, uniambie. Usinipunguzie."

Tukaingia ndani, nikaiegemeza simu kwenye kopo la sukari. Mama, ambaye hakuwahi kukanyaga kibanda, akakaa mbele kabisa, baba nyuma yake. Nikamtafsiria kila neno, harusi iliyovunjika, gereza, mzee wa gerezani, mali, ndevu. Hakuuliza mengi. Kwenye gereza aliuliza ni nani anayempelekea chakula, nikamwambia hawakuonyesha. Akaguna.

Mwishoni simu ilipunguza mwanga, baba akaichukua na kuishikilia kwa mkono wake mbovu ili mama aone vizuri. Mvua ikaja, matope yakaja, upanga ukafika shingoni. Ukaondolewa. Baharia akaanza kusema, na mimi nikavuta pumzi ili nianze. Kuna maneno ya filamu, na kuna maneno ya baba. Sikujua nimpe yapi kwanza.

Mama hakungoja. Aliisogelea simu, akamwambia yule mtu aliyepiga magoti kwenye matope, kwa sauti ya kawaida, kama anayeongea na jirani ng'ambo ya ua:

"Nenda. Lakini ujue nilikuwa napelekaka chakula kila siku."

Rafiki akainuka, akaenda zake bila viatu.

"Ninajua," baba akasema. "Nilikuwa nakusikia ku mulango ya ghala, kila siku."

Mama akageuka akamtazama. Hilo baba hakuwahi kumwambia.